Masikio ya Mshika Usukani

Naapa kwa meno yangu ya bandia, ambayo bado hayajakauka tangu niyatoe kwenye glasi asubuhi hii: haya yote ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, basi yadondoke mbele za watu siku nitakayokuwa nacheka kuliko zote.

Najua mtaani mnaniita Mzee Chumvi. Jina hilo nilipewa na wenye wivu.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitaeleza haraka, maana niliwaacha nikiwa juu ya ngazi, na juu ya ngazi si mahali pa kumwacha mstaafu.

Mimi nilikuwa mchora mabango. Vinyozi, maduka ya dawa, hata lile jino kubwa linalotabasamu kwenye ukuta wa daktari wa meno, yote ni mkono wangu. Nilipostaafu nikajiokotea kazi isiyo na mshahara: kukaa kitini kando ya ile picha kubwa ya rangi iliyomo ndani ya jumba la zamani la mikutano, na kuwasimulia wageni.

Picha yenyewe imejaza ukuta mzima. Ni msafara wa mashua za heshima, siku mtawala wa kale alipovushwa mto kwenda kukabidhiwa madaraka. Makasia yameinuliwa yote kwa pamoja, bendera zinapepea, na katikati iko mashua kubwa yenye kivuli cha kitambaa chekundu, mtawala kaketi chini yake kama mtu aliyekalia msumari na hataki watu wajue.

Kwenye mashua inayofuata nyuma yuko mpiga ngoma. Huyo nimekuwa nikiwaambia wageni kwamba ni babu wa babu yangu. Siku hiyo aliipiga ngoma mpaka samaki wakaruka majini wakacheza, na mmoja akaingia kwenye mashua kuomba irudiwe. Mimi nasimulia kama nilivyosimuliwa. Aliyenisimulia pia ni mimi.

Mlangoni hukaa Mama Funguo, mjane, mtunza jumba. Akitembea, funguo za kiunoni zinaimba. Huyo ndiye sababu ya mimi kupiga pasi hata soksi. Nilikuwa nimepanga kumwomba tuoane. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea mpaka kioo chenyewe kikakubali.

Kisha akaja Shemeji Mnada.

Huyu ni kaka wa marehemu mke wangu, dalali mstaafu wa mnada, mwenye sauti ya kumuuzia kiziwi redio. Alifika kwangu na begi moja na kikohozi. "Siku mbili tu, shemeji." Kikohozi kikapona, yeye akabaki. Akachukua kitanda changu kwa sababu ya mgongo, ndala zangu kwa sababu ya miguu, na siku moja akanifuata mpaka jumbani kwa sababu ya upweke.

Akainua macho kwenye picha, akapiga ukelele. Yule mshika usukani wa mashua ya mtawala alikuwa na masikio yake. Yale yale! Yamesimama kama mishikio ya sufuria, la kushoto limekunjika kidogo kwa juu.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Mimi babu yangu nimemjenga kwa jasho, uongo juu ya uongo, miaka na miaka. Yeye kapewa wa kwake bure, na ushahidi umemwotea kichwani.

Wageni wakahamia kwake. Mama Funguo naye akasogeza kiti chake ili asikie vizuri.

Basi wiki iliyopita mliniona. Saa ya chakula cha mchana, jumba tupu, nimepanda ngazi na kopo la rangi ya maji, nikamfunga yule mshika usukani kilemba kizito mpaka masikio yakapotea. Na kwa kuwa nilishafika huko juu, nikaona si vibaya kumpa mpiga ngoma baka dogo jeusi la shavuni, kama hili langu la kuzaliwa. Nilikuwa nimeazima kioo cha mkobani cha Mama Funguo, nikajitazama, nisije nikakosea.

Ndipo nikasikia funguo zinaimba kwenye korido.

"Nani huyo juu?"

Kopo nikalitumbukiza ndani ya koti. Rangi ikaanza kunishuka kifuani taratibu, baridi kama mkono wa nesi.

"Mimi, Mama. Buibui."

"Buibui gani?"

"Mkubwa. Alikuwa anamnyemelea mtawala. Nikasema nisipompandia leo, kesho tutakuta kafunga msafara mzima."

Alinitazama. Nikajikausha.

"Na umri huo! Ungeanguka je?"

"Ningeanguka nikiwa kazini."

"Shuka. Polepole. Shika hapo. Si mguu huo, huo mwingine. Wewe mtu wewe, una miguu mingapi?"

Akanishika mkono. Ndugu msomaji, alinishika mkono kutoka kwenye kipandio cha chini mpaka kwenye kiti, na kiti tulishakifikia mkono bado haujaachwa.

Akanimiminia chai ya kwake, ya kwenye chupa yake.

"Wewe ndiye unayeipenda hii picha kweli," akasema. "Mwenzio anaipigia kelele tu."

Nilitaka kumwambia pale pale. Maneno yalishanifika kwenye ulimi. Lakini rangi nayo ilishanifika kwenye mkanda wa suruali, nikaona kwanza nikabadili shati.

Hilo lilikuwa kosa langu la siku hiyo. Mengine mtayaona.

Alasiri likaingia kundi la walimu wastaafu. Shemeji Mnada alikuwa ndiyo kwanza anatoka kulala kwenye kitanda changu, ndala zangu miguuni. Akajipanga mbele yao, akaipa picha mgongo, akakohoa kile kikohozi chake cha kufungulia mnada.

"Mabibi na mabwana! Nani anasema mtawala? Nani anasema bendera? Mimi nasema usukani! Bila usukani mtawala angefika wapi? Chini, kwa samaki! Sasa nitazameni mimi. Sikio la kulia, mmeliona? La kushoto, mmeona lilivyokunjika? Haya, inueni macho mumtazame yule bwana wa nyuma ya mashua kubwa, halafu mniambie!"

Walimu wakainua macho.

Wakayapeleka kushoto, wakayarudisha kulia.

"Yupi?" akauliza mwalimu mmoja mwenye miwani minene.

"Mshika usukani! Mwenye masikio!"

"Yule kafunga kilemba, mzee wangu. Masikio hana."

Shemeji akageuka. Mdomo ulibaki wazi, lakini mnada ulikuwa umefungwa.

"Yalikuwepo," akasema. "Jana yalikuwepo."

"Labda kasikia baridi," mwalimu mwingine akasema, na kundi zima likaangua kicheko.

Nikainuka, mpole kama padri.

"Pole, shemeji wangu. Ni macho. Umri huu macho hutuonyesha tunachokitamani. Njooni huku, walimu, niwaonyeshe mpiga ngoma. Huyu hajifichi. Tazameni shavu lake, kisha tazameni la kwangu."

"He! Baka!"

"Lile lile, jamani!"

"Mzee, hebu simama hapo chini yake tukupige picha."

Nikasimama, kidevu juu. Nikawapa habari ya samaki. Walipozidi kucheka nikawaongezea kiboko aliyekuwa ukingoni mwa mto siku hiyo, ambaye msafara ulipompita alivua kofia.

"Kofia kaitoa wapi?"

"Kwani mtawala mnaona ana kofia? Ilikuwa imedondoka majini."

Nikageuza macho nione Mama Funguo anaupokeaje utukufu wangu.

Hakuwa ananitazama.

Alikuwa kamkalisha Shemeji kwenye kiti. Kiti changu, nasema, kile chenye mto nilioushona mwenyewe. Anampepea kwa mtandio.

"Kunywa maji, baba. Kidogo tu."

"Masikio yangu," Shemeji ananong'ona. Sikujua kwamba anaweza kunong'ona.

"Yapo. Haya hapa nayaona."

Na akaligusa lile la kushoto, lililokunjika. Akaligusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayemweka mtoto wa shule kola vizuri.

Miaka yote niliyokaa kwenye kiti kile, mimi sikio langu hajawahi hata kuliulizia hali.

"Tabasamu, mzee!" walimu wakasema.

Picha ile ipo mpaka leo. Ukiitazama utaona mtu anayetafuna limau na maganda yake.

Jioni nyumbani Shemeji alijilaza kitandani, uso kaupa ukuta. Nikapika, nikapakua, nikamwekea. Chakula kikapoa. Hapo nikaogopa, maana tangu aje kwangu sijawahi kuona chakula kikipata nafasi ya kupoa mbele yake.

"Shemeji," akasema na ukuta. "Nikuambie kitu usinicheke."

"Sema."

"Mimi najua yule si babu yangu."

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Babu yangu aliogopa maji hata ya kuoga. Najua. Lakini haya masikio, shemeji, nimechekwa nayo tangu nikiwa shule. Waliniita Sufuria. Siku ya harusi yangu mpiga picha alinishauri nivae kofia. Kwenye mnada watu wakitaka kupandisha bei walikuwa hawaniiti dalali, wananiita 'wewe wa masikio'. Halafu siku ile nainua macho, namwona mtu ana haya haya, kapewa kuongoza mashua ya mtawala, msafara wote uko nyuma yake, na hakuna anayecheka. Nikasema, kumbe."

"Kumbe nini?"

"Kumbe tu."

Nikaona kile kilemba changu, kila mkunjo nilivyouchora kwa moyo wote, na nikajiona mtu mdogo kuliko buibui niliyemsingizia.

Nikafungua mdomo nikiri. Kweli tena. Nilishaanza.

"Shemeji, kile kilemba..."

"Lakini Mungu si mnyimi!" akasema, akajigeuza. Uso umechangamka kama taa iliyorudi baada ya umeme kukatika. "Mama Funguo kanialika kwake Jumapili. Kasema nisikae na huzuni peke yangu. Hivi lile shati lako la bluu, unadhani litanitosha?"

Mdomo nikaufunga.

"Enhe, kile kilemba kimefanya nini?"

"Kimempendeza," nikasema.

Jumapili akaenda, na shati langu mwilini. Mimi nikabaki nafagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa. Nilifagia mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza pete.

Akarudi anaimba, mkononi kashika bakuli lililofunikwa.

"Hii kakupa wewe. Kasema, 'Mpelekee na yule mzee wetu.'"

Mzee wetu! Mabaki, ndani ya bakuli, kama paka wa jirani. Nilikaa nacho kile chakula nikakitazama kwa chuki. Kisha nikakila. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu nafika jumbani, namkuta mwanamke kijana kavaa koti jeupe, taa ndogo kaifunga kwenye paji la uso, kapanda ngazi ile ile yangu. Mama Funguo kaishika ngazi. Shemeji kaushika mkoba wa Mama Funguo.

"Huyu ni mtaalamu wa kutibu picha za kale," Mama Funguo akaniambia. "Nimemwita mimi. Picha yetu inaumwa. Masikio ya mtu hayawezi kupotea hivi hivi."

Yaani kamwita kwa ajili ya masikio ya Shemeji! Mpiga ngoma wangu amefifia kwa masizi ya taa tangu enzi hizo, hajamwitia hata fundi bomba.

Huyo mtaalamu tumpe jina la Daktari wa Picha, kwa maana ndivyo alivyokuwa: mpole, mkono mwepesi, na hadanganyiki. Akatoa kijiti, akakizungushia pamba kidogo kwenye ncha, akakitia mdomoni.

"Hajanywa chai?" nikamuuliza Shemeji.

"Ni mate," Daktari akajibu toka juu. "Hii ndiyo njia yetu. Mate ya mtu yana nguvu ya kutoa uchafu mwepesi, lakini rangi ya asili hayaidhuru. Rangi iliyokauka miaka mingi chini ya vanishi huwezi kuitoa kwa mate hata uteme mchana kutwa."

Akakizungusha kijiti juu ya kilemba. Polepole, kama anapangusa jicho la mtoto mchanga.

Pamba ikatoka na rangi.

"Hm," akasema.

Kijiti kingine. Mdomoni. Kwenye kilemba. Ikatoka nyingine.

Nikajisogeza chini ya ngazi.

"Labda ni unyevu," nikasema. "Si unaona mto ule? Umechorwa kwa maji mengi mno."

Hakuna aliyecheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusimulia jambo mbele ya picha ile na kusikia saa ya ukutani.

Kisha sikio la kulia likachungulia. Halafu la kushoto, na mkunjo wake. Daktari alikuwa kafungua kidirisha kidogo tu kila upande, kilemba kingine chote kiko pale pale, kwa hiyo masikio yalitoka kama ya mtu anayesikiliza mlangoni.

Nilingoja Shemeji apige ukelele. Hakupiga. Alivua kofia tu, akaishika kifuani pamoja na mkoba.

"Na huyu mpiga ngoma," Daktari akasema, akasogeza ngazi. "Hili baka nalo linang'aa kuliko uso wenyewe."

Pamba. Mdomo. Shavu. Baka la ukoo wangu likaondoka kama chembe ya mkate.

"Huyu hakuwa na baka," akasema. "Rangi ni ile ile moja. Na si ya wachoraji wa picha hii, ni rangi ya mabango. Nani hapa anachora mabango?"

Funguo za Mama Funguo zikanyamaza.

Shemeji akanitazama mimi, akamtazama mpiga ngoma, akanitazama tena mimi. Akainua kidole taratibu.

"Shemeji. Baka lako liko shavu la kushoto. Lile lilikuwa la kulia. Wewe ulikuwa unajichora kwa kioo!"

"Kioo changu," akasema Mama Funguo.

Nilijaribu. Sitawaficha, nilijaribu. Nikaanza kueleza kwamba yule buibui wa siku ile nilimwona kwa macho yangu ana miguu imelowa rangi...

"Na kioo changu alikiazima yeye?"

Nikaishiwa. Mtu aliyesimulia kiboko akivua kofia, nikaishiwa.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

Swali rahisi. Jibu lake nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi. Lakini aliyeuliza alikuwa amesimama bega kwa bega na Shemeji, na Shemeji alikuwa ndani ya shati langu la bluu, na limemkaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi. Wivu ukanishika ulimi, ukasema badala yangu.

"Yale masikio yalikuwa yanawasumbua wageni."

Shemeji angenitukana ningepona. Angenirushia mkoba ningeushukuru. Badala yake alirudisha kofia kichwani, akaivuta chini mpaka ikayafunika yote mawili.

"Dada yangu alikuwa nayo haya haya," akasema.

Basi.

Na ni kweli alikuwa nayo. Mke wangu alikuwa akiyafunika kwa kitambaa popote tuendapo, na jioni akifika nyumbani akikifungua, mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia ayaache yapumue, yanapendeza. Nilikuwa nimekaa chini ya yale masikio pale ukutani muda wote huo, nikawaza Shemeji tu, Shemeji tu. Yeye sikumwaza.

Daktari wa Picha akasema kuna taratibu. Jambo kama hili linaandikiwa wakubwa, na wakubwa wakiona huwaita polisi.

"Sitaki polisi," Mama Funguo akasema. "Nataka alipe."

"Nitalipa, Mama. Sema chochote."

"Utalipa kwa mdomo."

Sikuelewa, mpaka Daktari aliponikabidhi vijiti na furushi la pamba.

Rangi yangu yote nitaitoa mimi mwenyewe, kwa mate yangu mwenyewe, Daktari kasimama nyuma yangu asije mkono ukavuka mpaka. Kilemba kilikuwa kizito, na kopo liliponitikisika siku ile matone yalikuwa yamewarukia wapiga makasia karibu wote.

"Na jambo moja zaidi," Mama Funguo akasema. "Ukiwa humu ndani hutamki neno. Si samaki, si kiboko, si buibui. Mpaka rangi yako ya mwisho itoke. Ukitamka moja tu, unapita mlango ule, na mimi ndiye mwenye funguo."

"Hata salamu?"

"Hilo ndilo neno la mwisho nililokusamehe."

Hamjui, ndugu zangu, kwamba mate ni kitu cha kuisha. Mimi nilidhani ninayo ya kujaza kisima, kwa jinsi nilivyokuwa nikiongea. Siku ya kwanza, kabla sijamaliza mkunjo mmoja wa kilemba, kinywa kilishakuwa kama mfuko wa saruji. Daktari akanifundisha nifikirie limau. Nikafikiria limau. Nikafikiria shamba zima la malimau.

Lakini kila nikipata mate, nasikia sauti chini yangu, mate yanakauka.

Kwa sababu kitini kwangu, juu ya mto wangu, alikuwa amekaa Shemeji anasimulia. Na si habari za usukani peke yake. Anasimulia samaki!

"Wakaruka, mabibi na mabwana, wakacheza!"

Halafu anawakosea. Yule samaki wa kuomba ngoma irudiwe, yeye anasema aliomba ipunguzwe. Niliuma kijiti mpaka kikapasuka.

"Na yule mzee wa kwenye ngazi, anafanya nini?" wageni wanauliza.

"Yule? Anamwosha babu yangu uso."

Wanacheka. Mama Funguo naye anacheka, na funguo zinacheka naye. Mimi nageukia ukuta, nalamba pamba.

Ila kuna kitu nilikiona, nikiwa pua kwa pua na yule mshika usukani. Hakuna mpiga makasia anayemtazama mtawala. Wote wanamtazama yeye, wa nyuma kabisa, kuona anaelekeza wapi. Nimekaa chini ya picha ile nikiwadanganya watu miaka yote, na la kweli kama hilo sikuwahi kuliona. Nilitaka kumwambia Shemeji. Nilikuwa siruhusiwi.

Ikafika Ijumaa. Wageni wa mwisho wametoka, Daktari kaenda kunawa mikono. Kilemba nimekimaliza, makasia nimeyamaliza, imebaki alama ya rangi ya ukubwa wa ukucha juu ya nyusi ya mshika usukani. Nikatia kijiti kipya mdomoni.

Chini, Shemeji akakohoa. Haikuwa kile kikohozi cha mnada.

"Mama," akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayesoma dua. "Mimi sina nyumba. Nina begi na nina masikio. Hata shati hili si langu. Lakini wewe uliyagusa na hukucheka. Kama huna mtu, tuoane."

Ngazi ilitikisika. Sijui kama ni mimi au ni ngazi.

Mama Funguo alizungusha funguo kiunoni, moja baada ya nyingine, kama anatafuta iliyo sahihi. Kisha akainua uso, si kwa Shemeji. Kwangu.

"Mzee Chumvi. Umesikia?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na wewe? Una la kusema?"

Ninalo! Ninalo tangu mwaka juzi! Lakini ile alama bado iko pale juu ya nyusi, na amri ni ya kwake, na mlango ni wa kwake. Nikisema, natoka nje moja kwa moja. Nisiposema, naozesha mchumba wangu kwa kimya changu.

Nikachomoa kijiti, nikasugua ile alama kwa haraka. Kijiti kikavu. Nikakirudisha mdomoni, nikafikiria limau, nikafikiria siki, nikafikiria kila kichachu nilichowahi kula duniani. Hakuna hata tone. Nikasugua tena. Alama ikang'aa tu, kama inanicheka.

Shemeji alikuwa kainamisha kichwa, kofia mkononi, masikio yake wazi, anangoja.

"Basi," Mama Funguo akasema, akamgeukia.

Nikafungua mdomo.